Nzi katika gereji na karakana za nyumbani: tuanzie wapi?



Katika toleo hili tunazungumzia mdudu ambaye kila mmoja wetu anamfahamu, lakini ni nadra kumkuta katika mpango wa kazi wa kamati: nzi. Tumechagua kumtazama mahali ambapo watu wengi hawamtarajii, yaani katika gereji na karakana zilizomo ndani ya makazi ya watu, hasa maeneo ya Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam. Tunaamini kwamba kamati itakayoelewa tabia ya nzi katika ua mmoja wenye karakana itaweza kumdhibiti pia shuleni, zahanati na jikoni kwa parokia.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya makundi mawili. Kamati za parokia zitapata hatua za kufuata. Wafadhili wetu nao wataona kwa nini ombi la mapipa yenye mifuniko na saruji ya kuziba choo linaweza kuwa na faida kubwa kuliko ombi la bomba la kupulizia dawa.

Karakana ndani ya ua

Nyumba nyingi za zamani za Kariakoo zilijengwa kwa mpango wa nyumba ya Kiswahili: ukumbi mrefu katikati, vyumba pande mbili, na ua nyuma wenye jiko, bafu na choo. Maghorofa yamechukua nafasi ya nyumba nyingi za aina hiyo, lakini ua haujatoweka. Palipobaki ua, au hata uchochoro tu, mara nyingi pana kazi inayofanyika. Utakuta fundi seremala anapaka kitanda vanishi, fundi wa bajaji amefungua injini, fundi chuma anachomelea mageti, na fundi cherehani amekaa barazani. Gerezani ni jirani wa karibu, na mafundi wake wa chuma na magari wanajulikana mji mzima.

Katika ua huohuo mama ntilie huwapikia mafundi ugali, wali na samaki. Watoto hucheza hapohapo. Wapangaji wanatumia choo kimoja na mafundi na wateja wao. Pengine kuna kuku watano wamefungiwa nyuma ya matairi. Hatua mia chache kutoka hapo kuna soko kubwa na mitaa yenye matunda, mboga, dagaa na kuku, ambayo huzalisha taka kila siku. Jengo kuu la soko, lililobuniwa na mbunifu Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua tarehe 10 Julai 2021. Hata hivyo biashara ya mitaani kandokando yake haikusimama, wala taka zake hazikupungua.

Hayo yote yanampendeza nzi. Chakula, unyevu, joto na mahali pa kulala usiku anavipata ndani ya hatua ishirini.

Siku kumi za nzi

Ili kumshinda nzi ni lazima kwanza tujue anavyoishi. Nzi wa kawaida wa nyumbani hutaga mayai meupe madogo, yapatayo 100 hadi 150 kwa mkupuo mmoja, na hurudia mara kadhaa katika maisha yake. Huyataga kwenye kitu kinachooza na chenye unyevu: mabaki ya chakula, maganda ya matunda, matumbo ya samaki, kinyesi cha kuku au cha binadamu.

Katika joto la Dar es Salaam mayai huanguliwa ndani ya siku moja. Hutoka mabuu meupe, ambayo wengi tunayaita funza. Mabuu hula kwa siku nne hadi saba hivi, kisha hutafuta mahali pakavu, hujichimbia katika udongo au chini ya takataka, na kuingia katika ganda la rangi ya kahawia linalofanana na punje ya mchele. Baada ya siku chache ganda hupasuka na nzi kamili hutoka. Kwa hiyo, kutoka yai hadi nzi anayeruka, hupita siku 7 hadi 10 hivi wakati wa joto.

Kumbukeni hesabu hii, maana mpango wote unaofuata umejengwa juu yake. Taka zikiondolewa kila baada ya siku tatu au nne, mayai na mabuu huondoka nazo kabla ya kuwa nzi. Zikikaa wiki mbili, mnakuwa mmefuga nzi. Ndiyo maana usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ingawa ni desturi njema, peke yake haumsumbui nzi: kati ya usafi mmoja na mwingine vizazi vitatu huweza kuzaliwa.

Kwa nini anaipenda karakana

Hapa kuna jambo linalowashangaza watu wengi. Nzi unayemwona katika gereji kwa kawaida hakuzaliwa katika gereji. Oili, grisi, vyuma na matambara ya mafuta havizalishi nzi, kwa kuwa mabuu hawana cha kula humo. Nzi huja karakana kama mgeni, na huja kwa sababu kuu tatu.

Kwanza, kivuli na joto. Banda la mabati lililo wazi upande mmoja humkinga na upepo na mvua. Usiku hulala juu, kwenye nyaya za umeme, kamba, kenchi na vitu vilivyotundikwa. Ukitaka kujua idadi yao, ingia na tochi saa 2 usiku na umulike juu. Utawaona wametulia kwa safu.

Pili, chakula na jasho. Chupa ya soda iliyobaki kidogo, sahani ya mchana isiyooshwa, chai iliyomwagika, mashati yenye jasho. Vyote hivyo vinamwita. Nzi hawezi kutafuna. Hutema mate juu ya chakula kikavu ili kukilainisha, kisha hukifyonza. Sukari ndiyo kitu anachokipenda sana.

Tatu, jirani mchafu. Choo kisicho na mfuniko, pipa la taka lililo wazi, au banda la kuku viko karibu, na mlango wa karakana uko wazi tangu asubuhi hadi jioni.

Hata hivyo kuna karakana zinazozalisha nzi zenyewe. Vumbi la mbao likiwa kavu halina tatizo. Likilowa mkojo wa watu wanaojisaidia nyuma ya banda, au likichanganyika na kinyesi cha kuku na makombo, huwa mahali pazuri pa mabuu. Chukua kijiti, fukua kidogo chini ya rundo. Ukiona funza au punje za kahawia, umelipata chimbuko.

Anabeba nini?

Nzi hutoka chooni na kutua juu ya samaki wa kukaanga bila kunawa miguu. Vijidudu hushika kwenye miguu yenye vinyweleo, na vingine humo tumboni mwake, akavitoa kwa matapishi na kinyesi. Kwa njia hiyo anaweza kueneza magonjwa ya kuhara, kuhara damu, homa ya matumbo na kipindupindu. Nzi wa jamii yake anayependa macho ya watoto hueneza trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kuleta upofu.

Ni kweli kwamba nzi si njia pekee. Maji machafu na mikono isiyonawa hueneza kuhara pia, na nani alipata ugonjwa kwa njia ipi si rahisi kutambua. Lakini ushahidi upo. Katika kambi za jeshi nchini Israeli watafiti waliweka mitego ya nzi kwa wingi, na mwaka 1991 wakachapisha matokeo kwamba wagonjwa wa kuhara waliokwenda zahanati walipungua kwa asilimia 42, na wenye kuhara damu kwa asilimia 85. Nchini Pakistani, utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watoto wa vijiji vilivyodhibiti nzi walipata kuhara pungufu kwa asilimia 23.

Dar es Salaam haihitaji kukumbushwa hatari hiyo. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kililipuka jijini na kusambaa katika mikoa mingi. Mwaka huohuo Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba na kuagiza siku hiyo itumike kufanya usafi nchi nzima.

Kwa fundi kuna hasara nyingine ya fedha. Fundi seremala aliyemaliza kupaka vanishi kabati la mteja, kisha nzi wakanasa juu yake kabla halijakauka, hana budi kupiga msasa na kupaka upya. Na mama ntilie ambaye meza yake imejaa nzi hupoteza wateja kabla mtu yeyote hajaugua. Mapato ya watu hawa ndiyo ada ya shule na kodi ya chumba.

Hatua ya kwanza: tafuteni chimbuko

Kabla ya kununua kitu chochote, kamati itembee. Watu watatu au wanne, pamoja na mwenye ua, fundi mmoja na mama ntilie, wazunguke asubuhi moja. Wachore ramani ndogo ya ua na kuweka alama mahali penye choo, mapipa, mabanda ya kuku, jiko, mfereji wa maji machafu na karakana yenyewe. Kila penye alama wafukue na kutazama kama kuna mabuu.

Nzi anaweza kuruka kilomita moja au zaidi, lakini akipata chakula karibu hana haja ya kwenda mbali. Kwa hiyo anzeni na ua wenyewe na nyua zinazopakana nao kabla ya kulilaumu soko.

Katika matembezi hayo washirikisheni majirani wote. Kariakoo ina misikiti mingi, na waumini wake ndio majirani zetu. Nzi hana dini. Kamati ya parokia ikikaa pamoja na kamati ya msikiti na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kazi itakuwa nyepesi. Ikifanya peke yake, itasafisha upande mmoja wa ukuta tu.

Hatua ya pili: ondoeni mahali pa kuzalia

Sehemu hii ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Fuateni mambo haya:

- Pipa lenye mfuniko. Taka zote za chakula ziingie katika pipa au ndoo yenye mfuniko unaobana. Maji yasituame chini yake. Pipa lioshwe, maana uchafu ulioganda pembeni unatosha kulea mabuu.
- Siku tatu au nne. Taka ziondoke uani angalau mara mbili kwa wiki. Kama gari au mkokoteni wa taka huja mara moja tu, kubalianeni na wakusanyaji juu ya mara ya pili, na mafundi, mama ntilie na wapangaji wachangie gharama.
- Tenganisheni. Vipande vya mbao, vyuma na makopo havioni haraka ya kuondoka. Maganda, makombo na matumbo ya samaki ndiyo ya kuharakisha. Mkitenganisha, mzigo wa haraka huwa mdogo na nafuu kulipia.
- Vumbi la mbao likae kavu. Likiwa kavu ni msaada: nyunyizeni tabaka jembamba juu ya mabaki ya chakula ndani ya pipa, litafyonza unyevu ambao mayai ya nzi yanauhitaji. Hili mafundi seremala wanaweza kulitoa bure.
- Kuku. Kinyesi kifagiliwe kila siku na kuwekwa katika mfuko uliofungwa, au kuanikwa kikiwa chembamba juani hadi kikauke kabisa. Kama haiwezekani, kuku wasifugwe ndani ya karakana.
- Mfereji. Maji ya kuoshea vyombo yakituama na makombo yake hutoa nzi pia. Zibueni, na mwekeni chujio la kunasa makombo.

Choo kinahitaji maelezo zaidi. Katika vyoo vya shimo huzaliwa nzi wakubwa wenye rangi ya kijani au buluu inayong'aa, tofauti na nzi wa kawaida wa nyumbani. Mfuniko unaofunika tundu vizuri ni jambo la kwanza, na ziba kwa saruji kila ufa wa sakafu. Pale inapowezekana, wekeni bomba la kutolea hewa lenye upana wa sentimita 15 hivi, linalopanda juu ya paa na kufunikwa wavu kileleni. Aina hii ya choo ilibuniwa Zimbabwe miaka ya 1970. Upepo unaopita juu ya bomba huvuta harufu kutoka shimoni, na nzi waliozaliwa shimoni hufuata mwanga wa bomba wakidhani ni njia ya kutokea. Hufika kwenye wavu na kufia hapo. Ili ifanye kazi, ndani ya choo lazima pawe na giza kiasi, na choo cha bomba hakifunikwi tundu kwa mfuniko unaobana, kwa sababu hewa inahitaji kuingia. Kwa Dar es Salaam kuna tahadhari moja: hewa ya chumvi hula wavu wa chuma cha kawaida kwa muda mfupi. Tumieni wavu usioshika kutu.

Wazee wetu watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujadili afya, kisha wakaenda kuchimba vyoo kwa mamia ya maelfu. Somo lake bado lina nguvu: watu waliojadiliana pamoja walitenda pamoja.

Hatua ya tatu: mfungieni nje

Nzi waliobaki wazuiwe kufikia chakula na kazi.

Chakula kifunikwe. Kawa la ukindu ambalo bibi zetu wa pwani walifunikia sinia bado ni kifaa bora, na ndoo yenye mfuniko au kabati la wavu ni bora zaidi kwa mama ntilie. Mafundi wale mahali pamoja, si kila mtu kwenye kona yake juu ya benchi la kazi. Vyombo na chupa zikusanywe mara baada ya kula.

Feni husaidia kuliko watu wanavyodhani. Nzi si hodari wa kuruka dhidi ya upepo, hivyo feni inayovuma juu ya meza ya chakula humzuia kutua. Lakini fundi seremala asielekeze feni kwenye vanishi mbichi, kwani itapeperusha vumbi juu yake. Yeye atengeneze fremu nyepesi ya mbao na kuivika wavu, aifunike kazi hadi ikauke. Kupaka asubuhi mapema, kabla jua halijapanda na nzi hawajachangamka, nako husaidia.

Mlangoni tundikeni pazia la wavu au la nyuzi ndefu. Gereji ambayo magari huingia na kutoka haiwezi kufungwa, lakini stoo yake na mahali pa kulia panaweza.

Hatua ya nne: mitego

Mtego ni msaidizi tu, hauwezi kuchukua nafasi ya usafi. Mtego rahisi hutengenezwa kwa chupa ya plastiki ya lita 1.5. Kata sehemu ya juu, igeuze kama mrija wa kumiminia, na uichomeke katika sehemu ya chini. Tia ndani maji kidogo yenye maganda ya embe au papai na sukari, au matumbo ya dagaa, na tone la sabuni ya maji ili nzi akitua azame. Nzi huingia kwa urahisi na hushindwa kutoka.

Kosa la kawaida ni kuuweka mtego ndani. Chambo kinanuka ili kimwite nzi, na ukikiweka ndani utawaita ndani. Utundike nje, penye jua kiasi, hatua kumi au zaidi kutoka mlangoni na mbali na chakula. Umwage na kuutengeneza upya kila baada ya siku tatu au nne, la sivyo nzi watataga humohumo na mtego utageuka kuwa kitalu.

Ndani ya karakana tumieni utepe wenye gundi, uliotundikwa karibu na nyaya na kamba ambazo mliwaona wamelala usiku ule wa tochi. Wapo pia wanaotundika mifuko ya maji wakiamini itamtisha nzi. Tusiutegemee.

Tahadhari kuhusu dawa

Hapa tunaomba mafundi wasome kwa makini.

Makopo mengi ya dawa ya kupuliza yana gesi inayoshika moto. Usipulize karibu na mtu anayechomelea, jiko la mkaa, au chombo cha petroli au tina. Karakana ndogo yenye vitu hivyo vyote inaweza kuungua kwa sababu ya nzi watano.

Msitumie dawa za shambani ndani ya nyumba, wala dawa iliyomiminwa katika chupa ya maji isiyo na lebo. Sumu hiyo hukaa kwenye benchi, vyombo na mikono ya watoto. Nunueni dawa yenye lebo na iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), na fuateni maelekezo yake.

Msimwage oili chafu chooni au mferejini ili kuua funza. Oili iliyotoka kwenye injini ina madini yenye sumu, nayo huweza kufika kwenye maji ya visima. Kusanyeni katika dumu na kuwapa wanaoichukua kwa utaratibu unaokubalika. Wala msichome taka uani. Moshi wa plastiki huwadhuru wote wanaouvuta.

Na hata dawa salama hupoteza nguvu. DDT ilipoanza kutumika ilionekana kama muujiza, lakini ilipofika mwaka 1947 tayari kulikuwa na nzi barani Ulaya ambao haikuwaua. Nzi huzaa haraka, na wachache wanaonusurika hurithisha usugu wao.

Somo kutoka Kongwa, kwa wafadhili wetu

Tanzania inao mfano wake. Katika wilaya ya Kongwa, Dodoma, ambako trakoma ilikuwa imeenea sana, watafiti waliwapa watu wa vitongoji dawa ya kutibu trakoma. Baadhi ya vitongoji viliongezewa upuliziaji mkali wa dawa ya nzi, vingine havikuongezewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Nzi walipungua, lakini trakoma haikupungua zaidi ya pale ambapo tiba ilitolewa bila kupulizia.

Hatusemi kwamba nzi hawana madhara. Huko Gambia upuliziaji ulipunguza trakoma. Tunasema kwamba upuliziaji ni matokeo ya muda, na hauwezi kubebeshwa mzigo wote. Siku fedha za dawa zinapokwisha, nzi hurudi ndani ya siku kumi. Mfuniko wa choo, sakafu ya saruji na makubaliano ya kuondoa taka mara mbili kwa wiki hubaki. Picha ya mtu aliyevaa bomba mgongoni ni nzuri katika taarifa, lakini tunawaomba wafadhili waulize pia: mwaka ujao nini kitakuwa bado kinafanya kazi?

Taka zetu, jirani yetu

Jambo moja la haki lisisahauliwe. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu kwa sababu ya kero ya dampo, na wakashinda. Jiji lilipotaka kumwaga taka Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao walikwenda mahakamani, na mwaka 1991 mahakama ikawapa haki. Baadaye taka zilipelekwa Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Kila mara kulikuwa na watu wanaoishi jirani.

Kwa hiyo kutupa taka nyuma ya ukuta, au katika bonde la Msimbazi, ni kumhamisha nzi kwenda kwa mwenzetu. Tukipunguza taka za chakula tangu uani, tumempunguzia mzigo pia yule anayeishi karibu na dampo. Kuna hata nzi wa kutusaidia: nzi askari mweusi, ambaye mabuu yake hula mabaki ya chakula kwa kasi na kuwa chakula cha kuku, wakati nzi mwenyewe hana tabia ya kuvamia meza. Ufugaji wake umeanza nchini na unafaa kwa kamati zenye eneo.

Tutajuaje kama tumefaulu?

Msitegemee hisia. Mwambieni fundi seremala atengeneze kichanja cha kuhesabia: vibao vyembamba 16 hadi 24 vilivyopigiliwa kwa nafasi sawa, upana na urefu wa sentimita 80 hivi. Nzi hupenda kutua kwenye kingo. Kiwekeni mahali penye nzi wengi, subirini watulie, kisha hesabuni wanaotua kwa sekunde 30. Rudieni mara kumi, chukueni hesabu tano kubwa, tafuteni wastani, na andikeni katika daftari. Fanyeni hivyo kila wiki, siku ileile na saa ileile, maana nzi hubadilika kwa jua na mvua. Wakati wa maembe na wakati wa mvua watarajieni kuongezeka. Linganisheni na msimu huohuo mwaka uliotangulia.

Daftari hilo ndilo taarifa bora kwa wafadhili.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika ua wetu, ni mahali gani patatu ambapo tunaamini nzi huzaliwa? Je, tumefukua na kuona mabuu?
2. Taka za chakula hukaa siku ngapi kabla ya kuondoka? Nani analipa, na je, wote wanaozalisha wanachangia?
3. Mama ntilie na mafundi wameshirikishwa katika kupanga, au wamelaumiwa tu?
4. Tukipata fedha kidogo, tutaanza na choo, mapipa au wavu? Kwa nini?
5. Ni nani atashika daftari la hesabu?

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa sakafu ya choo na mwanya wa mfuniko wa pipa ni vitu vidogo, na kamati yoyote inaweza kuanza navyo wiki hii. Tunawatakia kazi njema.